Niende Katavi na plau, au niende na duka?

Tangu msimu wa pamba ufunguliwe, karibu nusu ya barua ninazopokea zinauliza jambo moja: watu wa Simiyu, Shinyanga na Kahama wanataka kuhamia Katavi kufuata pamba. Nimechagua mbili za namna hiyo, na ya tatu ya mama aliye huku huku. Kwa wanaonisoma kwa mara ya kwanza, mimi nilizaliwa Maswa. Nilianza ukarani wa mizani ya pamba kwenye chama cha msingi cha ushirika mwaka 1986, na tangu 2009 ninaishi Wilaya ya Tanganyika, nikilima na kuuza duka.

*Shikamoo Mama. Mimi ni kijana wa miaka 31, nipo Meatu. Nina mke, watoto wawili, ng'ombe wanne wa plau na akiba ya milioni mbili na laki tatu. Shamba la baba tumegawana ndugu sita, langu ni ekari mbili na nusu na udongo umechoka. Binamu yangu yuko huko Katavi, anasema ardhi ni tele na pamba inafika kifuani. Nataka nihame Oktoba na familia nilime ekari kumi za pamba. Nitatoka? – Kijana wa Meatu*

Marahaba, mwanangu. Binamu yako hakudanganyi. Mwaka wetu wa kwanza huku, enzi hizo tukiwa bado Mkoa wa Rukwa, marehemu mume wangu aliingia katikati ya shamba nikawa naona kofia tu. Nilifurahi mno, nikampigia dada yangu simu Maswa nikamwambia tumepona. Tulipokuja kupima, ekari nne zilitoa kilo 980. Kwa Maswa, mwaka wa mvua ya wastani, tungepata hizo hizo au zaidi kidogo.

Kilichotokea ni kwamba tulilima kama tulivyolima nyumbani. Mvua ya huku inaanza Novemba na kwenda hadi Aprili, na ni nyingi kuliko ya Meatu. Kwenye udongo mpya uliotoka kufyekwa, mti wa pamba unajenga majani na matawi, vitumba vya chini vinakosa jua vinaoza. Majani nayo hayangoji. Meatu unapalilia mara mbili ukapumzika. Huku palizi ya tatu ni lazima, na ukiugua wiki moja mwezi wa Januari shamba linakuwa pori. Ekari kumi kwa watu wazima wawili, mwaka wa kwanza, hamtaziweza. Mtazipanda, lakini kuzipalilia na kuzichuma ni jambo jingine.

Hebu tupige hesabu ya kuchuma peke yake, kwa sababu vijana wengi wanaisahau. Mtu mzima mwenye mkono mwepesi anachuma kilo 20 hadi 30 kwa siku. Ekari tano zikikupa kilo 300 kila moja, ambayo ni mavuno ya kawaida ya mkulima wetu, una kilo 1,500. Hizo ni siku 60 za mtu mmoja ameinama juani, bado hujatenganisha pamba safi na fifi, yaani iliyochafuka. Ekari kumi ni siku 120. Utawaita vibarua, na vibarua hawakopeshwi.

Sasa bei. Kilo zako 1,500, kwa bei dira ya 2022, yaani bei ya kuanzia inayotangazwa msimu ukifunguliwa, iliyokuwa shilingi 1,560, zilikuwa milioni mbili na laki tatu na arobaini elfu. Mwaka uliofuata bei ilifunguliwa kwa 1,060, kilo zile zile zikawa milioni moja na laki tano na tisini elfu. Mwaka 2020 ilikuwa 810: milioni moja na laki mbili na kumi na tano elfu. Jasho ni lile lile, ekari ni zile zile. Sehemu kubwa ya nyuzi zetu inauzwa nje ya nchi, kwa hiyo bei yako inaamuliwa na soko la dunia na thamani ya dola, wala haijui kwamba wewe umehama na watoto wawili. Ndiyo maana nakwambia usije Katavi kulima pamba. Njoo ulime chakula, na pamba iwe ya pili.

Mpango ambao ningempa mwanangu wa kumzaa ni huu. Usihame Oktoba. Njoo peke yako mwezi wa Juni au Julai, wakati watu wanachuma. Utapata kibarua siku hiyo hiyo unayoshuka, utakula kwao, utasikia kijiji gani kina maji na kijiji gani kina ugomvi. Mtu anayekuuzia shamba mwezi wa Oktoba anajua una haraka ya mvua. Mwezi wa Julai haraka hiyo huna.

Kwenye ardhi nitakaa kidogo, maana ndiyo iliyoniumiza mimi. Tulipofika, mtu mmoja alituonyesha pori akasema ni lake. Tukampa ng'ombe wawili na pesa taslimu, tukapewa karatasi yenye muhuri. Tulikata miti na kung'oa visiki ekari tatu. Mume wangu viganja vilipasuka akawa anashika kijiko kwa kitambaa. Msimu wa pili wakaja viongozi na mgambo: lile ni pori la akiba la kijiji, na mkutano wa kijiji haukuwahi kutusikia. Pamba ilikuwa na maua. Tuliondoka na masufuria, godoro na plau.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano mkuu ni wanakijiji wote, siyo mwenyekiti na mtendaji kwenye kiti cha plastiki. Omba kuonyeshwa muhtasari wa kikao ambao jina lako limo. Uliza kama kijiji kina mpango wa matumizi bora ya ardhi na uonyeshwe ramani: wapi ni kilimo, wapi malisho, wapi msitu. Katika wilaya hii kuna vijiji vinane, Mwese na Katuma vikiwamo, vinavyolipwa fedha za hewa ya ukaa kwa kutunza misitu yao. Fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati. Watu wa huko wana sababu ya kukukatalia usifyeke, na wana haki. Usimwite mtu mchoyo kwa kulinda mti ambao unamsomeshea mtoto.

Ng'ombe wako wanne: lete wawili, wawili waache kwa baba. Huku kuna mbung'o. Ng'ombe wako huenda hajawahi kuumwa naye, na ndorobo, ugonjwa anaouleta mbung'o, ikimpata utaona tu manyoya yamesimama, machozi yanatoka, anakula lakini anakonda, na siku ya kulima analala kwenye mfereji. Sisi tulipoteza mmoja Desemba, nira ikabaki upande mmoja. Weka pembeni pesa ya sindano kabla hujanunua hata bati, na muulize mtaalamu wa mifugo wa kata anayejua pori lenu.

Mwaka wa kwanza lima ekari mbili za mahindi, ekari moja ya mihogo na karanga, na ekari mbili za pamba zilizotunzwa. Panda pamba kati ya katikati ya Novemba na katikati ya Desemba. Wataalamu sasa wanashauri sentimita 60 kwa 30, miche miwili kila shimo, inayokupa miche 44,000 na ushee kwa ekari. Ile ya zamani ya 90 kwa 40 ilikuwa nusu yake. Nilikaidi kwa miaka miwili nikiona ni kubanana, nikabadilisha nusu ekari kwa majaribio, na sasa shamba langu lote ni hivyo. Jani linafunga mapema, magugu yanakosa jua. Ukishavuna, ng'oa miti yote uchome kabla ya Septemba 15, hata jirani asipofanya, maana funza wanalala humo.

Milioni mbili na laki tatu yako ni nauli, chakula cha miezi minane, dawa ya mifugo, na akiba ya ugonjwa. Ukiigawa hivyo, mwaka wa tatu utakuwa na shamba na hutakuwa na deni la mtu. Wapo niliokuja nao ambao leo wana nyumba za tofali za kuchoma. Kila mmoja wao alianza na mahindi.

*Habari za kazi, Mama. Mimi ni mfanyabiashara wa Kahama, nina mtaji wa milioni 18. Nimesikia pesa ya pamba Katavi ni kubwa. Mpango wangu: nifungue duka kijijini, niwakopeshe wakulima mchele, sabuni na mbolea kuanzia Januari, wanilipe kwa pamba mwezi wa sita kwa bei ya chini kidogo. Pia nataka kununua pamba mwenyewe nipeleke kiwandani. Unanishaurije? – Mfanyabiashara, Kahama*

Nzuri, kaka yangu. Nusu ya mpango wako ni biashara, nusu nyingine ni kesi, na naomba uniruhusu nisizungushe maneno.

Kununua pamba shambani kwa mtu mwenye njaa ya Februari, kwa bei ya chini, halafu kuibeba usiku na mizani yako, ni kosa. Pamba inanunuliwa na kampuni zenye leseni ya Bodi ya Pamba, kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, kwenye kituo, kwa bei isiyo chini ya bei dira. Na hata ingekuwa si kosa, nimeyaona mwisho wake. Mkulima aliyekopa sahani za mchele na kulipa kwa kilo za pamba hasahau. Mwaka wa pili pamba yake unaipata ina mchanga.

Nitakwambia jinsi mizani inavyoibiwa, kwa sababu niliikalia miaka kumi na mmoja. Mzigo unaning'inia kwenye ndoano. Mnunuzi anasimama karibu, kama anauzuia usiyumbe, goti lake linaingia chini. Kilo tatu zimepotea na uso wake unatabasamu. Mkulima naye analoweka pamba alfajiri, au anaweka konzi za mchanga katikati ya mzigo. Mimi nilikuwa naingiza mkono hadi kwenye kiwiko, nashika, nasikiliza. Pamba kavu ukiiminya inajiinua yenyewe, yenye maji inakaa kama mkate. Goti na mchanga vinafuatana: kituo ambacho mnunuzi hakutumia goti, mchanga ulikuwa nadra. Wazee wetu wa Kanda ya Ziwa waliliona hili zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Paul Bomani na wenzake waliwaweka wapimaji wa wakulima wenyewe ili pamba ipimwe kabla ya kufika kwa mnunuzi, na kwenye mizani ile ndipo ulipozaliwa ushirika ambao mwaka 1955 ukawa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Watu wanaojua historia hiyo wamehamia huku. Wazee hao ni baba na babu zao.

Kuhusu kupeleka kiwandani, angalia hesabu. Kilo 100 za pamba yenye mbegu zinatoa kama kilo 34 za nyuzi, zinazobaki ni mbegu na takataka. Robota moja la Tanzania, yaani furushi la nyuzi zilizoshindiliwa, ni kilo 181, kwa hiyo linahitaji zaidi ya kilo 500 za pamba yenye mbegu. Pamba ni kubwa kwa umbo na nyepesi kwa uzito: lori linajaa hadi juu ya kingo zake kabla halijafika nusu ya uwezo wake, na barabara zetu za vijijini zinakula tairi. Milioni 18 kwenye biashara hiyo ni mtaji wa siku chache. Waachie wenye jineri, yaani viwanda vya kuchambua pamba, na benki nyuma yao. Na ukumbuke 2019: bei ilitangazwa 1,200, soko la dunia likashuka, wanunuzi wakasita, pamba ikarundikana maghalani na kwenye sebule za watu. Wakulima walikaa miezi wakingoja malipo. Maduka yaliyokuwa na daftari nene la madeni yalifungwa kabla ya wakulima hawajaacha kulima.

Nusu iliyo biashara ni duka, na hapo njoo, karibu sana. Lakini jifunze kalenda. Pesa ya pamba ina miezi yake, Juni, Julai, Agosti, na inashuka kwa wote kwa pamoja. Mwaka wangu wa kwanza wa duka nilileta mabati. Nilikopa, nikaagiza mwezi wa saba, msafirishaji akanizungusha, mzigo ukaingia tarehe 19 Septemba. Wateja niliowaandika kwenye karatasi walikuwa wameshajenga kwa mabati ya mtu mwingine, wameoa, wamenunua pikipiki. Nililala na mabati 240 hadi Juni iliyofuata, yakafanya madoa meupe kwa unyevu, nikayauza kwa hasara. Bidhaa za mavuno ziwe ghalani kwako mwezi wa Mei: mabati, misumari, magodoro, baiskeli na vipuri vyake, sola ndogo, vitenge, sare za shule. Mtu wa pamba akipata pesa kwanza analipa deni, pili anaezeka, tatu anaoa au anaozesha. Mwezi wa Oktoba wanataka majembe, ncha za plau, minyororo, mabomba ya kupulizia na mipira yake. Ule mpira mdogo wa bomba unaoziba pampu isivuje nauza kila siku Januari, na hakuna mwingine anayekumbuka kuuleta. Mtu amesimama na funza shambani, bomba limekufa kwa mpira wa shilingi mia chache. Ukiwa nao wewe, atanunua kwako na chumvi na sabuni mwaka mzima.

Biashara nyingine ni mashudu, yaani makapi ya mbegu za pamba zilizokamuliwa mafuta. Wafugaji wamejaa huku na kiangazi malisho yanakauka. Mashudu ya pamba yakitoka kiwandani, mwenye gari dogo na ghala kavu anauza Agosti hadi Novemba, wakati mwenye mabati amekaa. Pia tazama upande wa ziwa. Bandari ya Karema inatazamana na Kalemie ya Kongo, na bidhaa yako ikilala kijijini, mnada wa ziwani unaweza kuiamsha. Usiweke mtaji wako wote kwa watu wanaopokea pesa mara moja kwa mwaka.

Kuhusu kukopesha: hutaweza kuuza duka kijijini bila daftari, atakayekwambia vinginevyo hajakaa kijijini. Mimi nakopesha kwa shilingi, siyo kwa kilo, kwa bei ile ile ya taslimu, na kila familia ina kikomo ambacho mwenye nyumba mwenyewe anakijua. Mwisho wa kikomo nasema hapana mbele ya mkewe, ili nyumba nzima isikie.

Jambo dogo ambalo ni kubwa: usiwauzie watu mifuko ya sandarusi ya kubebea pamba. Zile nyuzi za plastiki zinaingia ndani ya pamba, haziondoki jineri, na kitambaa kikitiwa rangi zinatokeza. Zinaishushia hadhi pamba ya nchi nzima. Leta magunia ya kitambaa cha pamba.

*Dada, mimi ni mama wa watoto wanne, Mishamo. Wazazi wangu walikuja kutoka Burundi 1972, tulilima tumbaku miaka yote. Mume wangu sasa anataka tuache tumbaku tuingie kwenye pamba. Ninaogopa. Na tumbaku pesa zake sikuwahi kuzishika. – Mama, Mishamo*

Mdogo wangu, hofu yako ya kwanza niitoe: pamba haina mabani ya kukaushia. Hakuna kukata kuni, hakuna kukesha na moto, hakuna mtoto kukosa shule kwa kutunga majani. Kuni zenyewe kule kwenu zimekuwa mbali, unajua kuliko mimi. Kazi ya pamba ni jembe, dawa na kuchuma, na mikono yenu ya tumbaku itaizoea msimu mmoja. Kwa dawa, msipulizie bila kuvaa nguo ndefu na kufunga uso, na mabomba yasioshwe kisimani. Msiiache tumbaku yote mwaka mmoja kama mna mkataba na deni la pembejeo. Maliza deni kwanza. Ekari moja ya pamba mwaka huu, pembeni ya mahindi, itawaonyesha udongo wenu unasema nini.

Hofu ya pili ni nzito zaidi. AMCOS inaandikisha mwanachama kwa jina, na malipo yanakwenda kwa aliyeandikishwa, kwenye simu au akaunti yake. Wewe unachuma kuliko yeye, nina hakika bila kukuona. Uandikishaji wa wakulima na mgao wa mbegu unafanyika kabla ya mvua, kwa hiyo zungumzeni sasa, mwezi huu, mkiwa hamna pesa ya kugombea. Sema hivi: ekari moja iandikwe kwa jina langu na namba yangu ya simu. Kama una kitambulisho cha taifa chukua, kama huna anza kukifuatilia ofisi ya kata, maana laini ya simu inasajiliwa kwa kitambulisho hicho. Mume wangu alininunia siku tatu nilipoandika ekari yangu. Siku ya nne alikwenda mwenyewe kuipima kwa kamba, akanikatia iliyo karibu na maji.